Mwongozo kamili: Jinsi ya kutumia utaalamu mlio nao ndani ya timu tembezi ya afya ya akili

"Tuna mwanasaikolojia, lakini kazi yake kubwa ni kuendesha gari." Malalamiko haya, kwa maneno tofauti, nimeyasikia mara nyingi mno. Wengine mna tatizo la upande wa pili: mteja mmoja anagongewa mlango na watu watano kwa wiki, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja akimuuliza upya alianza lini kusikia sauti. Timu ya kwanza imeuyeyusha utaalamu wake hadi wote wamekuwa kitu kimoja. Ya pili imeutawanya mlangoni kwa mgonjwa. Na zote mbili, jambo likiwa gumu, huandika rufaa ya kwenda nje, ilhali mwenye jibu amekaa kiti cha nyuma kwenye gari hilo hilo. Mfinyanzi hulia gaeni.

Mwongozo huu ni wa timu ambayo tayari iko barabarani, inawafuata watu majumbani, vituoni na mitaani. Historia naiacha. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiwa na haraka, hatua unayoweza kuifupisha ni ya pili. Ya tatu usiiguse, maana ndiyo inayobeba nyingine zote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Timu yenye fani tatu au zaidi. Kwa kawaida ni muuguzi wa afya ya akili, daktari wa magonjwa ya akili, ofisa ustawi wa jamii, mwanasaikolojia, mtaalamu wa tiba kazi (anayemsaidia mtu kuziweza shughuli zake za kila siku) na mhudumu rika, yaani mtu aliyewahi kuugua mwenyewe na aliyeajiriwa kwa sababu ya uzoefu huo. Mkiwa na mfamasia, hata wa nusu siku kwa wiki, mna bahati.
- Msimamizi mmoja wa kesi kwa kila mteja, anayejulikana kwa jina. Wengine watamtembelea mteja pia, lakini mmoja ndiye anayeshika uzi.
- Ubao mmoja, wa ukutani au wa kwenye skrini, ambao timu nzima inauona.
- Daftari la maswali. La karatasi linatosha.
- Saa mbili kila wiki kwa kila mtaalamu ambazo hazipangiwi ziara yoyote. Hizi ni za kujibu wenzake.
- Ridhaa ya mteja, iliyoandikwa, inayosema nani ndani ya timu atajua nini kumhusu.
- Namba ya simu ya mtaalamu mwandamizi wa nje kwa kila fani yenye mtu mmoja tu ndani ya timu.

Angalia pia mzigo wa kazi. Timu zinazofuata mfumo wa ACT (Assertive Community Treatment, wa timu inayomfuata mteja alipo), ule ulioanzia Madison, Wisconsin, Marekani, hulenga mtumishi mmoja kwa wateja wasiozidi 10 hivi. Kama kila mmoja wenu ana wateja 35, zile saa mbili hazitapatikana hata mkiandika ratiba kwa wino wa dhahabu. Anzeni basi na kundi dogo la wateja wenye hali ngumu zaidi, wengine waendelee kama kawaida.

## Hatua ya 1: Andikeni kila mtu anajua nini, si anaitwa nani

Cheo kinaficha mambo mengi. Wauguzi wawili wanaweza kuwa na cheti kimoja, kumbe mmoja alifanya kazi miaka mingi wodi ya wazazi na anajua mama aliyejifungua jana analala vipi na anakula vipi, na mwingine ana mkono mwepesi wa kusafisha vidonda. Ofisa ustawi wa jamii mmoja anazijua sheria za upangaji nyumba, mwingine ni bingwa wa kuzungumza na wadai.

Kila mtu ajibu maswali matatu kwa kuandika, kwa robo saa, bila kushauriana:

1. Ni nini unaweza kukifanya kesho asubuhi, peke yako, bila kurudi kwenye vitabu?
2. Ni nini ulifundishwa ukakiweza, lakini hujakifanya kwa zaidi ya mwaka?
3. Ni nini watu hukuomba ufanye ambacho kitaaluma au kisheria si chako?

Swali la pili ndilo lenye hazina. Katika timu moja niliyoiratibu, tulikuwa tunawapanga wateja wenye mawazo na matendo ya kujirudia kwenye foleni ya kliniki ya nje, foleni ya miezi. Siku ya zoezi hili mwanasaikolojia wetu aliandika, kwa herufi ndogo sana pembeni ya karatasi, kwamba alifundishwa tiba ya kumkabilisha mtu na anachokiogopa hatua kwa hatua huku akizuia lile tendo lake la kujirudia. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Naye hakuwahi kusema, kwa sababu ratiba yake ilijaa ziara za kupeleka dawa na alidhani ndivyo inavyotakiwa.

Aliyekaa mwaka bila kufanya kitu asirushwe moja kwa moja kwa mteja. Apewe nafasi ya kujikumbusha, na kesi yake ya kwanza isimamiwe na mwenye uzoefu, hata kwa simu.

Swali la tatu linalinda watu. Ni hapa utakapogundua kwamba ofisa ustawi wa jamii huwa anaulizwa na familia kama kidonge cha usiku kinaweza kupunguzwa, na kwamba siku nyingine huwa anajibu.

Kazi ya hatua hii imekamilika pale kila mtu anapokuwa na ukurasa mmoja uliobandikwa karibu na ubao, na mtumishi mgeni akausoma na kukuambia ndani ya dakika tano amuulize nani kuhusu deni, usingizi, sauti, au dawa kwa mjamzito.

## Hatua ya 2: Gawanyeni kazi katika safu tatu

Chora safu tatu kwenye ubao.

Kazi za kila mtu. Kujenga uaminifu, kuona kama kuna chakula ndani ya nyumba, kupeleka dawa iliyokwisha kupangwa, kuuliza waziwazi kama mtu anafikiria kujiua. Hilo la mwisho lisitolewe kwenye safu hii hata kidogo. Wapo wanaoamini kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo hilo. Si kweli, na anayengoja mwanasaikolojia ndiye aje kuuliza anacheza na muda asiokuwa nao.

Kazi za fani zinazofundishika. Kupima shinikizo la damu, kujaza fomu ya makazi, kumwongoza mtu kupumua taratibu hofu inapompanda. Mwenye fani anafundisha, wengine wanafanya, yeye anakagua.

Kazi za fani peke yake. Kuandika na kubadilisha dawa, vipimo vya kisaikolojia, tathmini ya uwezo wa mtu kujitunza, tiba ya kina ya majeraha ya nafsi.

Mabishano yatakuwa kwenye safu ya katikati, na yaacheni yawepo. Wakati mwingine muuguzi anashikilia jambo kwa sababu ni la hatari kweli, na wakati mwingine kwa sababu ndilo pekee linalomfanya ajione muuguzi baada ya wiki nzima ya kuhamisha magodoro. Sababu zote mbili ni za haki, ila majibu yake hayafanani.

Kwangu mimi kipimo ni hiki: mtaalamu ambaye chini ya theluthi moja ya wiki yake inatumika kwenye safu ya pili na ya tatu ameshaanza kupotea. Baada ya mwaka atakuwa mtu mwema mwenye leseni kabatini.

## Hatua ya 3: Andika swali kabla ya kumwita mtu

Hapa ndipo timu nyingi zinapoteleza. Msimamizi wa kesi anamwambia mwenzake kwenye korido, "Hebu nenda ukamwone yule mama." Mwenzake anakwenda, anakaa saa nzima, anarudi na maoni mazuri kuhusu jambo ambalo halikuwa na shida. Kila mtu anachoka, na wiki inayofuata hakuna anayemwita mwenzake tena.

Swali zuri lina sehemu tano na linaenea kwenye nusu ukurasa:

- Ninachokiona, bila tafsiri.
- Nilichokwisha kujaribu.
- Ninachotaka kujua kutoka kwako wewe, na si kwa mtu mwingine.
- Uamuzi unaosubiri jibu lako.
- Siku ninayohitaji jibu.

Linganisha. Swali bovu: "Mteja hana ushirikiano, naomba mwanasaikolojia amtathmini." Swali zima: "Kijana huyu hufungua mlango siku zote isipokuwa siku ya sindano. Nimebadilisha saa, nimekwenda bila sare, haikusaidia. Siku za kawaida anazungumza vizuri. Nataka kujua kama ni woga wa sindano yenyewe, au kuna kitu kinachomtokea siku zinazofuata ambacho hakisemi. Daktari anataka kuamua Alhamisi kama abadilishiwe dawa. Nahitaji jibu Jumatano jioni."

Swali la pili halimtaji mtaalamu kwa cheo, lakini ukilisoma unajua nani aitwe kwanza. Pengine ni mhudumu rika, ambaye amewahi kuchomwa sindano hizo na anajua ule msukosuko wa mwili unaokufanya ushindwe kukaa kitini. Kijana anaweza kumwambia huyo jambo ambalo angeona aibu kumwambia daktari, hasa kama dawa inamharibia mambo ya faragha.

Sehemu ya nne ndiyo chujio. Kama hakuna uamuzi unaosubiri jibu, basi swali halijaiva. Huenda unachotaka ni mtu wa kukusikiliza kwa sababu kesi imekuelemea. Hilo ni hitaji halali, lipeleke kwenye kikao cha usimamizi wa kitaaluma, usimtume mwenzako nyumbani kwa mtu.

Daftari lisigeuzwe kuwa ukuta. Swali likizidi nusu ukurasa watu wataacha kuuliza. Nimeona timu ikitengeneza fomu ya kurasa nne kwa ajili ya jambo hili. Ilidumu wiki mbili.

Mambo yakienda sawa, utaanza kuona anayeandika akijijibu mwenyewe kabla ya kufika sehemu ya tano. Ikitokea hivyo, mwache achane karatasi.

## Hatua ya 4: Chagueni njia nyepesi kuliko zote inayotosha

Kuna njia nne. Panda ngazi moja moja.

Ya kwanza ni ushauri bila kumwona mteja. Mtaalamu anajibu kutoka kwenye kiti chake, kwa yale aliyoelezwa. Maswali mengi yanaishia hapa, kuliko watu wanavyodhani. Mtaalamu aandike wazi kwamba hakumwona mteja.

Ya pili ni ziara ya pamoja. Msimamizi wa kesi na mtaalamu wanakwenda wawili. Kabla ya kushuka kwenye gari waamue mambo matatu: nani anazungumza, nani anaangalia, na neno gani litatumika kumaanisha tuondoke. Mteja awe ameambiwa siku moja kabla kwamba atakuja mtu mwingine, ni nani, na kwa nini, na awe amekubali. Watu wawili wasiotarajiwa mlangoni, kwa mtu aliyewahi kuchukuliwa kwa nguvu kupelekwa wodini, ni jambo jingine kabisa.

Ziara moja ya namna hii sijaisahau. Bwana wa makamo, faili lake limeandikwa mara tatu kwamba anakataa dawa kwa sababu hakubali kuwa anaumwa. Muuguzi alikwishamweleza, akaeleza tena, akaacha na vijitabu. Safari hiyo alikwenda na mtaalamu wa tiba kazi, ambaye hakutaja dawa kabisa. Alimwomba tu amwonyeshe asubuhi yake inavyokwenda.

Bwana akainuka, akatandika kitanda, akachukua kile kikasha cha dawa chenye vijumba vya siku saba. Akakisogeza dirishani, akakigeuza mara mbili. Siku hiyo ilikuwa Jumanne, yeye akafungua Alhamisi. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Vidonge viwili vikadondoka, kimoja kikabingirika uvunguni. Akapiga magoti, akapapasa, hakukipata. Akafunga kikasha akakirudisha mahali pake, kimya, kama mtu aliyekwisha kuzoea. Dakika kumi zote hakuna aliyesema neno. Mtetemeko ulitokana na dawa zenyewe, macho yalikuwa yameanza kufifia, na lile neno "anakataa" likafutwa kwenye ubao jioni ile. Daktari aliiangalia upya dozi, na vidonge vikaanza kufungwa kwenye vipakiti vya dozi moja moja.

Ya tatu ni kazi ya muda maalumu: mtaalamu anachukua lengo moja kwa ziara zilizohesabiwa, tuseme sita, msimamizi wa kesi akibaki pale pale. Idadi iandikwe mwanzoni. Ziara zisizohesabiwa huwa hazina mwisho.

Ya nne ni kukabidhi kesi. Ifanyike mara chache. Mteja anayejenga uaminifu kwa taabu akibadilishiwa mtu, mnaanza upya kutoka sifuri.

## Hatua ya 5: Kikao cha asubuhi kiwe soko la maswali

Timu tembezi karibu zote zina kikao cha asubuhi. Vingi ni kusoma orodha: fulani anaendelea vizuri, fulani hakuwepo, fulani kama jana. Nusu saa imekwisha na hakuna utaalamu uliotumika.

Jaribuni kuazima kutoka mfumo wa FACT wa Uholanzi, yaani ACT iliyofanywa nyumbufu (Flexible ACT). Timu moja huwa na wateja wapatao 200, lakini ubaoni wanawekwa wale tu ambao kwa wakati huo wanahitaji uangalizi wa karibu, na hao ndio wanaojadiliwa kila siku. Hali ikitulia jina linashuka, ikichafuka linapanda tena, na mteja anabaki na timu ile ile.

Kwa kila jina lililoko ubaoni, ulizeni mambo mawili tu: leo anakwenda nani, na je, kuna swali kwenye daftari linalomhusu? Swali likiwepo lisomwe kwa sauti, mtaalamu aseme njia atakayotumia kati ya zile nne na lini atajibu. Mjadala wa kina uende kwenye zile saa mbili.

Na jambo moja dogo lenye uzito: daktari azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine wanajipanga nyuma ya maneno yake, hata aliyetoka nyumbani kwa mteja jana usiku na kuona kitu tofauti. Daktari mwenye busara atalipenda hili, kwa kuwa naye anachoka kuulizwa kila kitu.

Kuna ishara moja ya kuiangalia. Wiki ikipita na mhudumu rika au ofisa ustawi wa jamii hawajaelekezewa swali hata moja, mmesharudi kwenye kikao cha dawa.

## Hatua ya 6: Jibu lirudi kwa lugha ya anayekwenda mlangoni

Ripoti ya kurasa tano iliyojaa istilahi ni utaalamu uliozikwa kwa heshima zote. Anayelihitaji jibu ni mtu atakayesimama mlangoni kesho saa tatu. Mpe mistari mitatu: fanya, usifanye, niite.

Mfano ni jibu la mfamasia kwa ofisa ustawi wa jamii anayemsimamia mteja aliyeanzishiwa klozapini, dawa ya saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwepo:

*Fanya:* kila ziara muulize lini amepata choo mara ya mwisho, hata kama mnaona haya. Dawa hii hulegeza utumbo, na choo kikizibana kinaweza kuua. Muulize pia kama amebadilisha uvutaji wake wa sigara.

*Usifanye:* akikosa dozi kwa siku mbili au zaidi, usimwambie aendelee na dozi aliyokuwa akimeza. Hurudishwa kidogo kidogo na daktari.

*Niite siku hiyo hiyo:* akipata homa au koo kumuuma, kwa sababu inabidi damu ipimwe kuona kama chembe nyeupe zimeshuka. Akiwa na maumivu ya tumbo, tumbo kujaa au kutapika. Au akiacha sigara ghafla. Moshi wa sigara huharakisha mwili kuivunja dawa hii, kwa hiyo ukikatika, kiwango chake katika damu hupanda. Viraka vya nikotini havibadilishi hilo, maana kinachofanya kazi hiyo ni moshi.

Ofisa yule hakusoma famasia, na hahitaji. Lakini sasa anajua kwamba mteja akilazwa kwenye wodi isiyoruhusu sigara, kuna simu ya kupiga.

Mwanasaikolojia naye ana mistari yake. *Fanya:* akianza kukutukana, baki pale pale, punguza sauti, mwambie utarudi lini na urudi siku hiyo. *Usifanye:* usimwahidi kwamba hutaondoka kamwe. *Niite:* akianza kugawa vitu vyake.

Jibu liingie kwenye faili siku hiyo hiyo, na msimamizi wa kesi aandike chini yake alilifanyia nini. Asipolifuata, aandike sababu. Ana haki ya kutolifuata. Hana haki ya kulinyamazia.

## Hatua ya 7: Jueni wakati wa kutupa daftari pembeni

Hatua zote zilizotangulia ni za kazi ya kawaida. Hali zifuatazo hazisubiri swali kuandikwa wala kikao cha asubuhi. Ni simu kwa daktari wa zamu au huduma ya dharura palepale:

- Mtu anayesema anataka kufa na ana njia mkononi.
- Homa kali, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa kwa anayetumia dawa za saikosisi.
- Mtumiaji wa litiamu (dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) anayetapika au kuharisha, anayetetemeka sana, anayeyumba au kuzungumza kwa kuburuza ulimi.
- Asiyekula wala kunywa.
- Mtoto au mzee aliye hatarini ndani ya nyumba ile ile.

Bandika orodha hii ndani ya gari. Usiiongeze hadi ifike vipengele 20, maana hakuna atakayeisoma.

## Hatua ya 8: Lindeni fani yenye mtu mmoja

Timu tembezi mara nyingi ina mwanasaikolojia mmoja, mtaalamu wa tiba kazi mmoja, mhudumu rika mmoja. Kinyozi hajinyoi. Kila mmoja wao apate saa moja kwa mwezi, angalau, na mtu wa fani yake kutoka nje, na saa hiyo ihesabiwe kuwa kazi. Bila hiyo, ataanza kufikiri kama walio wengi, na mtakuwa mmeajiri muuguzi wa nne kwa mshahara wa mwanasaikolojia.

Mhudumu rika anahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiye anayetumiwa vibaya kuliko wote. Kosa la kwanza ni kumfanya mbeba mizigo. La pili, baya zaidi, ni kumfanya sikio la timu: "Wewe anakuamini, hebu mchunguze kama anameza dawa." Hapo mmeuza kitu pekee alichokuja nacho. Kubalianeni mapema, mteja akiwepo, mambo gani atayafikisha kwa timu kila mara, kama hatari kwa uhai, na mambo gani yatabaki kati yao wawili. Historia yake mwenyewe ni yake. Yeye ndiye anayeamua aitoe kiasi gani na kwa nani. Akiugua tena, afuate utaratibu wa likizo ya ugonjwa kama mtumishi mwingine yeyote, na asihudumiwe na wenzake wa timu hiyo hiyo.

## Hatua ya 9: Baada ya miezi mitatu, hesabuni

Chukueni daftari, mhesabu mambo manne: maswali mangapi yaliulizwa kwa kila fani, mangapi yalijibiwa kwa siku iliyoombwa, mangapi yalibadilisha uamuzi, na rufaa ngapi za nje ziliandikwa kwa jambo lililokuwamo ndani.

Hakuna idadi moja inayofaa timu zote. Tazameni umbo. Kama fani moja ina maswali mengi na nyingine sifuri, rudini hatua ya 1, huenda ukurasa wake haueleweki. Kama majibu yanachelewa, zile saa mbili zimeliwa na ziara. Kama majibu yanakuja kwa wakati lakini hayabadilishi chochote, maswali yanaandikwa baada ya uamuzi kufanywa tayari, ili kupata muhuri tu.

## Mkikwama

Watu wanaona aibu kuuliza. Kiongozi wa timu aandike swali la kwanza, la kweli, kuhusu kesi iliyomshinda. Swali la kuigiza watu hulinusa.

Mtaalamu anajibu maswali ambayo hayakuulizwa. Mrudishie karatasi, umwonyeshe sehemu ya tatu. Mara mbili zinatosha.

Mteja anakataa mtu mwingine yeyote asiingie. Tumieni ngazi ya kwanza tu, ushauri bila kumwona, kwa mipaka ya ridhaa yake. Muulize tena baada ya wiki kadhaa, na safari hiyo mwambie jina la mtu, si fani yake. "Mwanasaikolojia" inatisha watu.

Daktari yupo nusu siku tu kwa wiki. Maswali yake yapangwe jioni iliyotangulia, yale yanayosubiri uamuzi wa dawa juu kabisa, na msimamizi wa kila kesi awe amekaa karibu na simu saa hizo. Yasiyohitaji sahihi yake yaondolewe kwenye foleni kabla hajafika. Ukiyapitia moja moja, utakuta mengi yalikuwa ya muuguzi.